Andiko letu la ruzuku ya utamaduni limekataliwa: kikundi cha ngoma cha kijijini kianzie wapi?

Katibu wa kikundi cha ngoma, Newala

Shikamooni wazee wangu, na salamu kwenu ndugu zangu wa Mtwara na Lindi. Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma na uchongaji katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala. Tulianza mwaka 2014 tukiwa watu 9; leo tuko 23, na 14 kati yetu ni wanawake. Tunacheza sindimba kwenye harusi, kwenye mapokezi ya Mwenge na kwenye sherehe za shule, na kila Jumamosi jioni tunakutana chini ya mikorosho ya mwenyekiti kwa mazoezi.

Miongoni mwetu yuko mzee ambaye ndiye pekee aliyebaki kijijini kwetu anayejua kuchonga midimu, yaani barakoa za ngoma za jando, kwa namna ya zamani, pamoja na zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka ambazo huchomekwa ardhini zinapopigwa. Macho yake yameanza kufifia. Mwaka jana nilimkuta akipapasa ukingo wa mdomo wa barakoa kwa kidole gumba kabla ya kuweka patasi, kwa sababu mstari alioutia kwa mkaa hauoni tena, na tangu siku hiyo sina raha.

Tuliamua kuomba ruzuku ili afundishe vijana 12 kwa miezi sita, na pia nyimbo zinazoambatana na ngoma hizo zirekodiwe. Tuliandikiwa andiko la mradi kwenye steshenari mjini, tukalipeleka kwa taasisi moja, tukiomba shilingi 18,400,000. Majibu yalikuja baada ya miezi minne: mistari mitatu tu, kwamba ombi halikukidhi vigezo. Hatukuambiwa ni vigezo gani.

Tumesajiliwa halmashauri kama kikundi, tuna katiba ya kurasa nne, na fedha zetu huwekwa kwenye akaunti ya mwenyekiti, ambaye ni mtu mwaminifu na hajawahi kutudhulumu hata shilingi. Bajeti tuliyoipeleka ilikuwa hivi: usafiri 2,000,000, posho 5,000,000, vifaa 6,000,000, tamasha la kufunga mradi 4,000,000, na dharura 1,400,000. Ninaomba mwenye uzoefu anieleze tulikosea wapi na ni mlango gani hasa wa kubisha, kwa kuwa sitaki mzee wetu asubiri mwaka mwingine bure.

Afisa maendeleo ya jamii mstaafu, Mtwara Mjini

Marahaba, ndugu katibu. Nianze na mlango, kwa sababu vikundi vingi nilivyovihudumia vilichoka kabla ya kufika, kwa kubisha pasipo pao.

Tenganisha kwanza mkopo na ruzuku. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa, na kazi ya kumfundisha kijana kuchonga haizai fedha za marejesho ndani ya miezi sita. Msiutumie kwa jambo hili. Mnaweza kuuomba baadaye, vijana wakishafuzu na kuanza kuuza vinyago, maana hapo kutakuwa na biashara. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, ulio chini ya wizara inayoshughulikia utamaduni, nao umejulikana zaidi kwa mikopo ya masharti nafuu inayopitia benki. Kwa hiyo mnapokwenda kuuliza, ulizeni waziwazi kama kwa wakati huo kuna ruzuku au ni mikopo peke yake, na msisaini kitu chochote kabla hamjaelewa neno hilo moja.

Ipo pia mifuko ya kimataifa ambayo serikali yetu ni mshirika wake. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa 2005 unaohusu uanuwai wa kujieleza kiutamaduni, na chini ya mkataba huo upo mfuko unaotoa hadi dola 100,000 kwa mradi mmoja. Maombi hupitia Tume ya Taifa ya UNESCO, ambayo huyachuja kwanza hapa nchini, na huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Nakueleza haya ili ujue kwamba mlango upo, lakini ushauri wangu ni kwamba msianzie huko. Mfuko huo unatazama zaidi sera na uchumi wa ubunifu kwa nchi nzima au kwa sekta, na kikundi ambacho hakijawahi kusimamia hata milioni 5 za mtu mwingine hakitaaminiwa kwa dola 100,000. Ulio karibu zaidi na jambo lenu ni Mkataba wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, yaani ngoma, nyimbo, mila na ufundi wa mikono, ambao nao Tanzania iliuridhia mwaka 2011. Huko mwombaji ni nchi, si kikundi, lakini nchi haiombi bila jamii yenyewe kukubali. Kwa hiyo jina la kijiji chenu na kazi ya mzee huyo vinapaswa kujulikana kwa Afisa Utamaduni wa wilaya leo, kabla mtu wa wizarani hajamuuliza ana nini cha kupendekeza.

Kuhusu hadhi yenu kisheria, usajili wa halmashauri unawatosha kwa mambo ya ndani ya wilaya. Watoa ruzuku wengi, hata hivyo, watataka kimojawapo kati ya viwili: usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, ambalo liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, au usajili wa shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002. Kwa kikundi kama chenu ningeanza na BASATA, kwa sababu mnafanya sanaa na mtaendelea kuifanya hata fedha zisipokuja. Usajili wa shirika una majukumu yake ya kila mwaka, ikiwamo ripoti na ada. Na tangu kanuni za mwaka 2018, shirika likipata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 linawajibika kuwasilisha mkataba Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kuusaini. Nimeona vikundi vilivyojisajili kama mashirika kwa haraka ya kupata ruzuku moja, ruzuku ikakosekana, na madeni ya ada yakabaki.

Jambo moja dogo ambalo husahaulika ni miti. Hata kama mzee anahitaji magogo matano tu, pateni barua ya serikali ya kijiji inayoonyesha magogo hayo yanatoka wapi, na kama ni msitu wa hifadhi, kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mtathmini akikuta mradi wa uchongaji usiosema neno juu ya miti, ataweka kalamu chini.

Mhasibu wa shirika dogo, Lindi

Ndugu katibu, mzee hapo juu amemaliza habari ya milango, nami nitabaki kwenye bajeti na akaunti. Kwa maoni yangu hapo ndipo mlipoangukia.

Akaunti iliyo kwa jina la mwenyekiti inatosha peke yake kuliondoa ombi mezani, hata angekuwa mtu mwaminifu kuliko wote wilayani. Mwenyekiti akifariki leo, fedha hizo ni mirathi yake, na kikundi kitasimama mahakamani kama mdai. Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, yenye watia saini watatu ambao si wa ukoo mmoja, na muhtasari wa kikao kilichowachagua uwe na sahihi za wanachama. Mkishaifungua, ipitisheni fedha zenu hizohizo za harusi. Taarifa ya benki ya miezi sita inayoonyesha 40,000 zimeingia na 15,000 zimetoka ina uzito kuliko akaunti mpya iliyofunguliwa juma la kuomba.

Sasa bajeti. Nimeijumlisha na hesabu inakubali, lakini kila tarakimu imeishia na sifuri tano au zaidi, na mtu yeyote aliyewahi kusoma maandiko ya mradi anajua kwamba tarakimu za namna hiyo hazikutoka sokoni. "Usafiri 2,000,000" haimwambii msomaji nani anakwenda wapi, mara ngapi, kwa chombo gani. Hebu niichambue kazi yenu kama ulivyoieleza mwenyewe, kwa bei ninazozikadiria, nawe utazirekebisha kwa bei za huko kwenu.

Mzee anafundisha siku mbili kwa wiki kwa wiki 24, yaani siku 48. Akilipwa 25,000 kwa siku ni 1,200,000. Vijana 12 wanapata chakula cha mchana siku hizo 48 kwa 3,000 kila mmoja, ambayo ni 1,728,000. Kila kijana anapata seti yake ya patasi, tezo ndogo na jiwe la kunolea. Tukikadiria 45,000 kwa seti, seti 12 ni 540,000. Ngozi 10 za kuwambia ngoma kwa 15,000 ni 150,000. Safari za katibu kwenda mjini kwa bodaboda, mara mbili kwa mwezi kwa miezi sita, kwa 8,000 kwenda na kurudi, ni 96,000. Jumla yake ni 3,714,000.

Itazame tarakimu hiyo vizuri. Kazi yenyewe, ile inayomfanya mzee aache alichonacho mikononi mwa watu wengine, haifiki hata robo ya mlichokiomba. Mtathmini alipoziona milioni 18 alijiuliza zilizobaki ni za nini, na andiko halikumjibu. Ongezeni gharama za kurekodi, za benki na za ripoti, na bado mtakuwa chini sana ya pale mlipokuwa. Fedha ndogo iliyoelezwa hadi bei ya ngozi ni rahisi kupewa, na ikitumika vizuri ndiyo itakayowafungulia kubwa. Posho ya 5,000,000 isiyosema ni ya nani iondoeni kabisa. Anayelipwa alipwe kwa kazi yenye jina.

Kwa kila kifungu tafuteni profoma, yaani hati ya bei kabla ya kununua, ya fundi au ya duka, hata iliyoandikwa kwa mkono mradi ina muhuri au sahihi na namba ya simu. Kwa bodaboda pasipo risiti ya mashine, tengenezeni hati ya malipo yenye tarehe, safari, kiasi na sahihi ya dereva. Anzeni kuitumia sasa, ili fedha ya ruzuku ikija mkono uwe umeshazoea.

Tamasha la kufunga mradi ningelitoa. Linapendeza, lakini linakula fedha katika siku moja, na wafadhili wengi wanasita kulipia sherehe ambayo kesho yake haiachi kitu.

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, Kilwa

Habari zenu, ndugu zangu. Nimesoma majibu yote mawili na nimejifunza, lakini kwa mhasibu nina mambo ambayo siwezi kuyapitisha kimya.

Umehesabu chakula cha vijana na hukumhesabu anayepika. Chakula cha watu 12 kwa siku 48 hakijipiki, na kwenye vikundi vyetu anayepika ni mwanamke anayetoka shambani, akachota maji, akakaa jikoni hadi saa nane. Kama kikundi hakiwezi kumlipa, basi kazi yake iandikwe kama mchango wa kikundi, kwa siku na kwa thamani, pamoja na kivuli cha mikorosho mnachofundishia na siku za katibu. Mtoa ruzuku anataka kuona nyinyi wenyewe mmeweka nini, na kile ambacho vikundi vyetu huweka kwa wingi kuliko vyote ni kazi ya wanawake, ambayo ndiyo haiandikwi. Na hizo 25,000 za mzee zisipunguzwe kwa mtu yeyote kusema kwamba anafanya kwa mapenzi ya mila. Seremala wa milango analipwa. Iweje mchonga midimu ajitolee?

Kuhusu tamasha sikubaliani nawe moja kwa moja. Kwetu sisi wa kusini kijana hahesabiwi amejua mpaka kijiji kimemwona uwanjani. Lisiitwe tamasha, wala lisigharimu 4,000,000. Liwe siku ya vijana kuonyesha walichochonga mbele ya wazee na shule jirani, bila jukwaa la kukodi, na liandikwe kama njia ya kupima matokeo. Hapo litakuwa na nafasi yake halali ndani ya andiko.

Angalieni pia kalenda. Wiki 24 zikianza Julai zitaingia kwenye uvunaji wa korosho, na Oktoba ikifika na minada ikaanza hamtampata kijana hata mmoja. Atakuwa shambani au ghalani. Anzeni katikati ya Aprili mvua zikipungua, mmalize mwisho wa Septemba. Juni hadi Agosti asubuhi watu wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, kwa hiyo mafunzo ya miezi hiyo yawe alasiri. Mkiliandika hilo ndani ya andiko, msomaji atajua kwamba aliyeliandika anaishi kijijini.

Lakini lililonifanya niandike ni kurekodi. Miaka michache iliyopita alitujia mgeni mwenye mashine nzuri na maneno ya heshima, tukamwimbia mchana kutwa. Hatukuandikishana kitu. Mbili kati ya nyimbo alizochukua ni za ndani ya unyago, ambazo hata sisi hatuziimbi mbele ya mtoto. Baada ya muda nilizisikia sokoni, kwenye simu ya kijana anayeuza mitumba, na sauti iliyokuwa ikiongoza ilikuwa ya dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Niliweka kikapu chini nikashindwa kukiinua.

Kwa hiyo, ndugu katibu, kabla ya kuandika neno "kurekodi" kwenye bajeti, kaa na mzee huyo, na manyakanga, yaani walimu wa unyago, na viongozi wa jando. Waulize ni zipi za kurekodiwa, ni zipi za kufundishwa kwa mdomo tu, na ni yapi kuhusu midimu hayasemwi mbele ya wasiopitia jando. Mkataba ule wa 2003 aliouleza mzee wa Mtwara unaitambua heshima hiyo waziwazi: unataka taratibu za kimila zinazozuia baadhi ya mambo yasifikiwe na kila mtu ziheshimiwe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo ina sehemu inayolinda kazi za jadi. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yanayosema nakala zinakaa wapi, nani anaruhusiwa kuzitumia, na kwamba hakuna wa kuziuza bila kikao cha wazee. Yaambatanisheni kwenye ombi. Mtoa ruzuku akikataa ukurasa huo, mwacheni aende na fedha zake.

Katibu wa kikundi cha ngoma, Newala

Nawashukuru sana wote, na wewe mama wa Kilwa pole kwa yaliyokufika.

Jumamosi iliyopita nilisoma majibu haya kwa sauti mbele ya wanachama. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kusema akaunti ifungwe, na tumechagua watia saini watatu, wawili wakiwa wanawake. Safari ya benki ni Jumanne. Afisa Utamaduni ameahidi kuja mwezi ujao kumwona mzee akiwa kazini, na ametuelekeza taratibu za BASATA.

Kuhusu nyimbo, nilikwenda kwa mzee peke yangu. Nilimtajia moja baada ya nyingine, na kwa kila moja alisema "hii andika" au alitikisa kichwa tu. Kati ya 19 nilizozitaja aliruhusu 11. Nilipofika kwenye midimu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kuchonga kunaweza kufundishwa mchana mahali pa wazi, lakini siku ya kuivaa haihusiki na mradi wala na mtu wa kupiga picha. Nimeliandika hivyo hivyo, kwa maneno yake.

Nina swali moja limebaki kwa mhasibu. Mzee anataka seti mbili za patasi ziwe za kwake, kwa sababu zile alizonazo zimenolewa hadi zimebaki vipande. Je, ziingie kwenye kifungu cha vifaa vya mafunzo au ziandikwe kama malipo yake?

Mhasibu wa shirika dogo, Lindi

Ziandike kwenye vifaa vya mafunzo, ndugu katibu, kwa kuwa atazitumia kufundishia. Kisha weka sentensi moja chini ya jedwali kwamba vifaa vyote, vya vijana na vya mwalimu, vitabaki kwa watumiaji wake mradi utakapoisha, na kwamba kikao cha wanachama kimeridhia hivyo. Muhtasari wa kikao hicho uuambatanishe. Usiposema, mwisho wa mradi atakuja mtu kuhesabu mali, na mzee atatakiwa kuzirudisha. Seti zikiwa 14 badala ya 12, kifungu hicho kinakuwa 630,000. Nawe mama wa Kilwa, nimepokea. Kwenye jedwali la mchango wa kikundi mpishi atakuwa mstari wa kwanza.